Moto Uliovuka Mpaka: Miombo, Upepo na Dhamana



Ndugu zangu, mwaka jana mwezi wa Septemba baba mdogo wangu alichoma mabua ya mahindi katika shamba alilokodi kwa wenyeji, nyuma ya kambi yetu ya Dzaleka. Ilikuwa saa saba mchana, upepo wa kusini mashariki unavuma. Hata hajafika tuta la tatu, moto ulishavuka mpaka. Ukala lundo la nyasi za kuezekea la jirani, Mmalawi aliyekuwa amezikata na kuzifunga kwa wiki mbili, kisha ukapanda kilima na kuunguza miche yake ya miembe. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Jioni tukaitwa kwa mfumu.

Baba mdogo alijitetea kwa mambo mawili. La kwanza, upepo ni wa Mungu, hautumwi na mtu. La pili alipewa na mzee mmoja msikitini: kwamba iko hadithi inayosema madhara ya moto hayana fidia. Na kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma dini Lilongwe, nikaambiwa nilete jibu kabla ya kikao cha pili. Kilomita arobaini na kitu ndani ya minibasi, na kila nikitazama dirishani naona milima ya Dowa imeungua vipande vipande.

Nilianza na moto wenyewe kabla ya vitabu vya fiqhi, na sijuti. Moto wa porini unahitaji joto, hewa na kitu cha kuungua. Joto na hewa hatuna mamlaka nayo. Kinachoungua tunayo, ndiyo maana wataalamu wa moto hutumia muda mwingi kupima majani, vijiti na magogo. Jani la nyasi au kijiti chembamba kuliko penseli hufuata hali ya hewa kwa muda wa saa moja hivi: asubuhi kina umande, adhuhuri kimekauka kabisa. Gogo nene huchukua wiki nyingi kukauka, na wiki nyingi kulowa tena. Kwa hiyo shamba lile lile ambalo saa kumi na mbili asubuhi halishiki kiberiti, saa saba mchana ni petroli. Ongeza mteremko: moto unaopanda kilima huyapasha joto majani yaliyo mbele yake kabla haujayafikia, nao huzidi mbio kadiri mwinuko unavyozidi. Miche ya miembe ya jirani ilikuwa juu ya kilima.

Nchi yetu hii, pamoja na Zambia, Katanga, Tanzania na Msumbiji, ni nchi ya miombo. Mvua huanza karibu Novemba na kuisha Aprili, nyasi hurefuka, kisha hukauka miezi sita. Katika miombo moto huendeshwa na nyasi zaidi kuliko miti. Mwaka 1933, karibu na Ndola, mtaalamu wa mimea C. G. Trapnell alihusika na majaribio ambayo hadi leo wanafunzi wa misitu wanayasoma. Vipande vya msitu viligawanywa: vingine visiunguzwe kabisa, vingine viunguzwe mapema kiangazi kinapoanza, vingine viunguzwe mwishoni, nyasi zikiwa kavu kabisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1959. Vipande vilivyochomwa mwishoni vilipoteza miti mwaka hadi mwaka vikawa karibu mbuga. Vilivyolindwa viliziba, miti ikasongamana. Vilivyochomwa mapema vilibaki msitu.

Ni nyasi zile zile na kiberiti kile kile, tofauti ni mwezi tu. Mei na Juni majani bado yana unyevu, moto hutambaa chini, huruka mabaka mabaka na kufa wenyewe usiku. Septemba na Oktoba hupanda juu ya kimo cha mche na kuua kila kichwa. Miombo ina mizizi migumu, huchipua tena, lakini chipukizi linalounguzwa kila Oktoba halipati kamwe nafasi ya kurefuka hadi litoke kwenye miali.

Hapo ndipo makaa yanapoingia. Tazama msitu wa Dzalanyama, kusini magharibi mwa Lilongwe, unakoanzia mto unaojaza mabwawa ya Kamuzu na mabomba ya mji tunaosomea. Miti mikubwa ikikatwa kwa ajili ya makaa, kivuli hupungua. Kivuli kikipungua, nyasi huongezeka. Nyasi zikiongezeka, moto wa mwaka unaofuata huwa mkali zaidi na huua miche iliyokuwa irithi nafasi. Halafu tunalaumu moto peke yake. (Wapo pia wanaochoma majani ili kuwakamata mbewa, wale panya wanaouzwa barabarani wakiwa wamebanwa kwenye vijiti. Kula kwake ni mas'ala mengine, siyaingii leo.)

Msidhani kuzima kila moto ndiyo dawa. Marekani, baada ya moto mkubwa wa 1910 uliounguza majimbo ya Idaho na Montana, walijenga utaratibu wa kuzima kila kitu. Mwaka 1935 wakaweka kanuni kwamba moto uliogunduliwa leo uwe umedhibitiwa kufikia saa nne asubuhi ya kesho. Katika misitu yao mikavu ya misonobari, iliyozoea moto mdogo wa mara kwa mara, matawi na majani yakalimbikizana miaka na miaka, na leo wanarudi kuchoma kwa makusudi na kupunguza miti. Mbali zaidi kaskazini, Kanada, mwaka 2023 ziliungua zaidi ya hekta milioni 15, moshi ukafika New York. Huko joto na ukame vilichangia sana, kwa hiyo sisemi sababu ni moja. Ila hata kwetu, ukiuacha msitu wa misonobari wa Viphya bila kuondoa matawi yaliyokatwa wala kusafisha barabara za moto, umeuwekea kuni zenye utomvu.

Sasa fiqhi. Katika Surat Yasin aya ya 80 Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba Yeye ndiye aliyetujaalia moto kutokana na mti mbichi. Hiyo ni neema, nasi tunaiwasha kwa mikono yetu. Hadithi aliyoitaja yule mzee ipo kweli. Abu Dawud ameipokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.). Lakini wanazuoni wa hadithi wameijadili sana. Wapo waliosema neno "nar", moto, ni makosa ya kusoma, na asili yake ni "bi'r", kisima, kwa sababu watu wa Yemen hulitamka "nar" kwa kulielekeza kwenye sauti ya "i", likaandikwa kwa yaa, na msomaji akalichanganya. Al-Khattabi ametaja hayo, naye akaeleza kuwa ameikuta kwa njia nyingine pia. Hata walioikubali hawakuifanya ruhusa ya kuchoma mali za watu. Wameielekeza kwa aliyewasha kwa haja yake, bila kukosea, kisha cheche zikaruka.

Ibn Qudama katika al-Mughni ameweka mpaka wazi. Mtu akiwasha moto katika milki yake kama ilivyo desturi, bila uzembe, ukaruka kwa jirani, hadhamini. Akiwasha mkubwa ambao kwa kawaida husambaa, au akiwasha katika upepo mkali, anadhamini. Soma tena neno kawaida. Fakihi hakuweza kukuandikia kawaida ya moto wa Dowa mwezi wa Septemba saa saba mchana. Hiyo anaijua mkulima, na Ndola waliipima. Kwa hiyo hoja ya upepo wa Mungu inageuka: baba mdogo aliujua upepo kabla ya kuwasha. Kama angechoma jioni ya Juni, akiwa amelima ukanda mtupu kuzunguka mpaka na watu wawili wamesimama na matawi mabichi, ningemtetea mbele ya mfumu kwa kitabu mkononi.

Kumwambia hivyo haikuwa rahisi. Yeye ni mkubwa wangu, ndiye aliyenilipia ada ya sekondari, na mwaka ule hakuvuna gunia la kuuza. Mkimbizi kwa jumla hana ardhi hapa, na mwenye shamba angeweza kumnyima msimu ujao. Kambi iliyofunguliwa 1994 kwa watu elfu kumi na kitu leo ina zaidi ya 50,000. Shamba la kukodi si kitu cha kupoteza.

Kilichotuokoa ni Surat al-Anbiya, aya ya 78 na 79, kisa cha kondoo walioingia shambani usiku na hukumu ya Dawud na Sulayman (A.S.). Wafasiri wamepokea kwamba Sulayman hakutaka kondoo wachukuliwe moja kwa moja. Wenye shamba wanufaike na maziwa na sufi huku mwenye kondoo akilirudisha shamba katika hali yake. Nilimweleza baba mdogo hivyo, naye akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza mafungu yalikuwa mangapi.

Yalikuwa 60. Kwenye kikao cha pili alikubali kuyakata mwenyewe, yeye na wanawe wawili, mwezi wa Juni nyasi zikikomaa, na kutoa miche minane ya miembe. Jirani aliongeza sharti moja: kila Mei, pande zote mbili zilime ukanda wa hatua tano kwenye mpaka, na mabua yachomwe siku ambayo wote wawili wapo. Mfumu akaandika kwenye daftari lake. Mafungu 42 yameshapelekwa.