Somo la wiki: Hisa 100 na bahshishi ya melini

Wiki hii msomaji tutazame faida ya hisa isiyo gawio. Kampuni ya meli za kitalii ya Carnival, ambayo hisa zake huuzwa New York, imekuwa ikimpa mwenye hisa zisizopungua 100 fedha za kutumia melini: dola 50 kwa safari ya hadi siku 6, dola 100 kwa siku 7 hadi 13, na dola 250 kuanzia siku 14. Si mkopo, hupunguzwa katika bili ya chumba.

Lakini usizihesabu kama taslimu. Hazibadilishwi kuwa fedha mkononi, na masharti yanakataza zilipie kamari au bahshishi za wahudumu zinazoingizwa kwenye bili. Hapo ndipo hesabu huharibika. Mwaka 2023 bahshishi ya Carnival katika chumba cha kawaida ilipangwa dola 16 kwa abiria kwa siku. Mume na mke kwa siku 7 ni dola 224, zote kutoka mfukoni, wakati dola 100 za hisa (chumba kimoja, mgawo mmoja) zinangoja vinywaji na matembezi ya bandarini.

Kununua hisa kwa ajili ya hili tu sikushauri: bei ikishuka dola moja, 100 zimekwenda. Aliye nazo tayari apeleke uthibitisho wa umiliki kabla ya safari.