Fantasia katika Hadithi za Vibonzo: Funzo Kutoka kwa Eimu

Mwanafunzi wa fasihi akitaja vibonzo darasani, aghalabu huchekwa: eti hayo ni mambo ya watoto. Ajabu ni kwamba darasa lilo hilo huhakiki fantasia ya Bina-Adamu! (2002) ya K. W. Wamitila bila kucheka. Makala haya yanashikilia kwamba hadithi ya vibonzo yenye fantasia inastahili uhakiki uo huo, na kwamba msomaji aliyelelewa Kitui au Makueni anazo nyenzo za kuufanya.

Nyenzo hizo ni ngano za eimu, zimwi la masimulizi ya Wakamba. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alizichapisha baadhi yake katika Akamba Stories (1966). Eimu hula watu, na pengine hujigeuza kijana mtanashati akaposa. Msikilizaji hacheki, kwa kuwa nyuma ya ajabu hiyo pana hofu ya kweli: binti kuolewa na mgeni asiyejulikana kwao. Hiki ndicho kigezo cha kwanza: fantasia nzito hubeba jambo la kweli.

Kigezo cha pili ni mchoro. Tumchukue Frank Odoi (1948–2012), mzaliwa wa Ghana aliyeishi Nairobi na kuchora Akokhan, hadithi ya mfululizo kuhusu uchawi na nguvu zipitazo uwezo wa binadamu. Katika kazi za aina hii, picha si pambo la maneno. Fanani hubadili sauti zimwi linapoingia. Mchoraji hukoleza kivuli au hupanua kisanduku cha picha. Fanani hunyamaza kidogo ili hadhira ishtuke. Mchoraji huacha pengo baina ya visanduku viwili, nasi hulijaza wenyewe. Hivyo, asomaye maneno ya wahusika peke yake amesoma nusu ya kazi.

Mfululizo wa Pichadithi, uliochapishwa Nairobi katika miaka ya 1980, uliunganisha pande hizi mbili hata katika jina lake: picha na hadithi. Nasi tujaribu. Ukirudi likizoni Mwingi, Wote au Kibwezi, mwombe nyanya akusimulie ngano moja ya eimu, kisha uigawe katika visanduku sita. Amua ni wapi meno yataonekana, na ni wapi kivuli kitatosha. Ukitatizika, utakuwa umeutambua uzito wa sanaa uliyoidharau. Na ngano hiyo, ambayo huenda haijaandikwa popote, itakuwa imepata wa kuihifadhi.