Ithibati ya Vyuo na Maabara Zisizokuwamo

Ithibati ni ushahidi unaotolewa na chombo kilicho nje ya chuo kwamba chuo hicho kinafundisha kweli yale kinayodai kufundisha. Uzito wa kazi hiyo huonekana vyema katika ukaguzi wa vyuo vya udaktari uliofanywa Marekani na Kanada kabla ya mwaka 1910.

Wakati huo vyuo vingi vilikuwa mali ya madaktari wenyewe, waliogawana karo za wanafunzi. Karo ilikuwa faida. Maabara ilikuwa gharama. Taasisi ya Carnegie ilimtuma Abraham Flexner, ambaye hakuwa daktari bali mwalimu aliyewahi kuendesha shule mjini Louisville, akavikagua vyuo 155. Kila mahali alichunguza mambo matano: masharti ya kumpokea mwanafunzi, idadi na elimu ya walimu, fedha za chuo, maabara, na nafasi ya wanafunzi kujifunza hospitalini.

Maelezo ya wakuu wa vyuo hayakumtosha. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika chuo kimoja cha Iowa alikuta milango imeandikwa majina ya maabara, nayo yote imefungwa. Akaaga kana kwamba ameridhika, kisha akarudi peke yake na kumpa mtunza majengo dola 5 amfungulie. Ndani mlikuwa na meza, viti na ubao mdogo, basi.

Taarifa yake ya mwaka 1910 haikuwa sheria. Nguvu ilitoka kwa bodi za majimbo zilizotoa leseni za udaktari: zilipokataa kuwatambua wahitimu wa chuo fulani, wanafunzi hawakukiendea tena. Vyuo vingi vilifungwa au kuunganishwa.

Wagonjwa walinufaika, lakini si wote. Kati ya vyuo 7 vya Wamarekani weusi, Flexner alishauri Howard na Meharry tu viendelezwe; 5 vilikuwa vimefungwa ifikapo mwaka 1923, na vyuo vya Wazungu vilivyobaki havikuwa na nia ya kuwapokea vijana hao. Kipimo cha fedha hakikuuliza kwa nini chuo kilikuwa maskini.

Desturi ya kwenda kuona kwa macho ingali inafuatwa. Nchini Tanzania chuo kikuu hujitathmini kwanza kwa maandishi. Kisha wataalamu wa Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoanzishwa mwaka 2005, hufika kulinganisha maandishi hayo na walimu, vitabu na vifaa vilivyopo. Majina ya vyuo vinavyotambuliwa hutangazwa na Tume, na mwanafunzi anaweza kuyasoma kabla hajalipa karo.