Kwa Nini Dawa za Saratani Huleta Kutokwa na Damu

Mtoto anayetibiwa saratani akianza kutokwa na damu puani, utasikia watu wakisema, "Hizo dawa ni sumu, afadhali akae nyumbani." Hapa kwetu Bungoma na Kitale maneno hayo ni hatari. Akiachishwa dawa katikati, ugonjwa waweza kumrudia. Hebu tuone kinachotendeka.

Mwaka wa 1958, Daktari Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya unaowapata watoto wa sehemu zenye malaria nyingi. Saratani hiyo, iliyopewa jina lake, ipo hata huku magharibi mwa Kenya, na watoto wetu wengi hutibiwa Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Hupona kwa dawa wakiwahi na kumaliza.

Dawa zenyewe huua seli zinazogawanyika upesi. Ni kama dawa ya magugu: ukiipuliza ovyo, hata mahindi machanga hunyauka. Kumbe ndani ya mifupa kuna uboho, ambao ni kiwanda cha damu, na seli zake hugawanyika usiku na mchana. Humo mna seli kubwa ziitwazo megakariositi, ambazo hukatika vipande vidogo sana, yaani chembe sahani. Mshipa ukichanika, chembe hizi hukimbilia kuziba tundu. Mtu mzima mwenye afya huwa na 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu.

Chembe sahani huishi siku 7 hadi 10 tu. Kwa hivyo siku ya sindano mgonjwa haoni neno. Upungufu huja wiki moja au mbili baadaye, pengine akiwa amesharudi nyumbani. Uboho ukipumzika, hutengeneza nyingine. Ndiyo sababu dawa hutolewa kwa awamu.

Basi ukiona damu puani au kwenye fizi, madoadoa mekundu ya ngozi, au choo cheusi, mgonjwa arudishwe hospitali mara moja. Asipewe aspirini, kwani huzidi kuzuia damu kuganda.

Huenda akaongezewa chembe sahani, nazo huhifadhiwa kama siku 5 tu. Lazima wachangiaji wawepo kila wiki. Nchini Kenya, mwenye miaka 16 na kilo 50 aweza kutoa damu. Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tumefika. Haba na haba hujaza kibaba.