Geji ya Mafuta Inapodanganya: Maswali na Majibu kwa Madereva wa Munanila

Munanila iko juu, jirani na Manyovu, kwenye ile sehemu ya Kasulu ya zamani iliyomegwa mwaka 2012 na kuwa Wilaya ya Buhigwe. Barabara za huku ni kupanda na kushuka, sheli zimeachana, na gari likiishiwa mafuta kwenye kona ya mlima dereva hana budi kumtuma bodaboda na dumu. Ng'ambo ya mpaka, Burundi imekuwa na uhaba mkali wa mafuta katika miaka ya karibuni, kwa hiyo hata hilo dumu lina wanaoligombea. Ndiyo maana mshale wa geji huku unaangaliwa kwa makini ambayo mtu wa Dar es Salaam hana haja nayo.

Mshale huo ukianza kudanganya, mara nyingi mwenye gari huuziwa sensa nyingine, au dashibodi nzima ya mtumba, kabla hata waya mmoja haujapimwa. Hizo ni fedha zinazopotea bure. Sakiti ya geji ya mafuta ni fupi, na fundi umeme mwenye taa ndogo na mita ya kawaida anaweza kuipima yote chini ya mti. Maswali yanayofuata ni yale yanayowasumbua zaidi wenye Probox, Hiace, Fuso na Land Cruiser.

Nimejaza tenki, lakini mshale umelala kwenye E. Sensa imekufa?

Huenda, ila dalili hiyo peke yake haitoshi kuihukumu. Ndani ya tenki kuna boya lililoshikwa na mkono mwembamba wa chuma, linalopanda na kushuka pamoja na mafuta kama boya la tangi la maji. Upande wa pili wa mkono huo kuna ncha inayoteleza juu ya kibao chenye njia ya umeme, na kila inaposogea ukinzani unabadilika. Waya mmoja hupeleka taarifa kwenye geji, mwingine huenda ethi, yaani kwenye bodi ya gari. Geji husoma ukinzani huo, unaopimwa kwa omu, na kuugeuza kuwa mahali pa mshale.

Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilitengenezwa hivi: tenki likijaa sensa hutoa takriban omu 3, likifika nusu omu 32 na kidogo, likiwa tupu omu 110. Nyingi za miaka ya baadaye huanza na omu 15 zikijaa na kufika karibu 410 zikiwa tupu. Kwa mpangilio huo, waya ukikatika popote geji huona ukinzani usio na mwisho, na mshale hulala E. Waya wa taarifa ukichunika na kugusa bodi, mshale hupanda F na kuganda huko.

Kosa hili la pili ndilo la kuogopwa. Mshale uliolala E unamsukuma dereva kwenda sheli, hasara yake ni usumbufu. Ulioganda F unamtoa mtu Munanila usiku na abiria wake, akiamini ana mafuta ya kufika Kigoma.

Baadhi ya magari ya Ulaya huenda kinyume. Sensa za VDO, kwa mfano, hutoa omu 10 tenki likiwa tupu na 180 likijaa, hivyo waya ukikatika mshale hukimbilia F. Fundi aliyezoea Toyota asilipime gari la Kijerumani kwa mazoea.

Fundi aanze kupima wapi?

Aanze na fyuzi, na aitazame dashibodi yote. Kama geji ya joto na taa za onyo nazo hazifanyi kazi, tatizo ni umeme unaoingia kwenye dashibodi, na tenki halihusiki. Kama geji ya mafuta ndiyo pekee iliyolala, aende moja kwa moja kwenye soketi ya tenki. Kwenye gari ndogo nyingi soketi hiyo iko chini ya kiti cha nyuma, imefunikwa na bati; kwenye Fuso iko wazi juu ya tenki pembeni mwa chesisi, inapata kila tope linalorushwa na tairi.

Vitabu vya ufundi vya Toyota vya zamani vina kipimo kizuri ambacho hakistahili kusahauliwa. Fundi anachomoa soketi ya tenki, kisha anaunganisha tundu la waya wa taarifa na tundu la ethi, upande wa waya zinazotoka kwenye gari, kupitia taa ndogo ya volti 12 na wati 3.4, aina ile ya taa za dashibodi. Anafungua swichi. Taa ikiwaka na mshale ukaanza kupanda kuelekea F, waya, ethi na geji ni vizima, na ugonjwa umo ndani ya tenki. Taa isipowaka, tenki halina kosa na hakuna sababu ya kulifungua.

Taa hiyo ina kazi ya kulinda. Ndani ya geji za kizamani kuna kipande cha metali mbili kinachojikunja kwa joto la waya mwembamba uliozungushiwa, na ukiupa ethi moja kwa moja kwa muda mrefu waya huo huweza kuungua. Kugusisha waya kwenye bodi "kuona kama itapanda" kunaweza kuua geji iliyokuwa nzima.

Taa ikigoma kuwaka, hatua inayofuata ni kuondoa mguu mmoja wa taa kwenye tundu la ethi na kuugusisha kwenye chuma safi cha bodi. Ikiwaka sasa, ethi ndiyo mgonjwa. Isipowaka bado, waya wa taarifa umekatika kati ya tenki na dashibodi, au geji yenyewe haitoi umeme. Kwa magari mapya yenye dashibodi ya kielektroniki, taa iwekwe kando: fundi apime volti kwenye waya wa taarifa soketi ikiwa imechomolewa na swichi imefunguliwa. Mengi hutoa karibu volti 5. Baada ya hapo anaweza kuunganisha rezista ya omu 100, inayopatikana kwa fundi redio yeyote, na kuona kama mshale unapanda.

Tenki likijaa mshale unaishia juu kidogo ya nusu, lakini mafuta yakikaribia kuisha unasema kweli. Inakuwaje?

Hesabu yake inaeleweka vizuri ukitumia zile namba za Toyota ya zamani. Tuseme boliti inayofunga ethi imeshika kutu na kuongeza omu 20. Tenki limejaa, sensa inatoa omu 3, geji inaona 23. Kwa kuwa nusu ni 32, mshale unasimama juu kidogo ya nusu. Tenki likiisha sensa inatoa 110, geji inaona 130, na mshale umelala E kama kawaida. Ethi mbovu hudanganya zaidi tenki likiwa limejaa, na dereva anaponung'unika hivyo tayari amempa fundi nusu ya jibu. Kwenye gari la omu 15 hadi 410 kutu hiyohiyo huonekana kidogo sana.

Kuthibitisha, soketi irudishwe, swichi ifunguliwe, mita iwekwe kwenye volti: mguu mmoja kwenye waya wa ethi wa tenki, mwingine kwenye hasi ya betri. Ikisoma zaidi ya volti 0.1, boliti ifunguliwe, ipigwe msasa hadi chuma king'ae, ikazwe na kupakwa grisi. Mvua za huku huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, na tope jekundu hubeba maji hadi ndani ya soketi. Lami ya mradi wa Kabingo–Kasulu–Manyovu, wa kilometa 260, inapunguza adha hiyo, ila barabara za vijijini bado ni udongo.

Mshale unarukaruka. Ni rafu za barabara?

Kucheza kidogo mlimani ni kawaida, mafuta yanahamia upande mmoja wa tenki. Kisicho kawaida ni mshale kuanguka ghafla mahali palepale, mathalani kila ukipita robo tatu, kisha kurudi. Hapo njia ya umeme kwenye kibao imelika. Sensa ikishatolewa, fundi aweke mita kwenye omu na kuusogeza mkono polepole kutoka chini hadi juu: namba zipande au zishuke kwa utulivu. Zikiruka au mita ikionyesha hakuna mawasiliano hata kwa nukta moja, kibao kimekwisha. Asiuharakishe mkono, kwa sababu ufa mwembamba hupitwa bila kuonekana.

Mashine ya kusoma hitilafu imeonyesha P0463. Ninunue sensa?

Bado. Namba hizo zinataja sakiti yenye hitilafu, hazitaji kifaa kilichoharibika. P0460 ni hitilafu ya jumla ya sakiti. P0461 ni kiwango kisichobadilika ingawa gari limetembea. P0462 ni taarifa iliyo chini mno. P0463 iliyo juu mno. P0464 ni ile inayokuja na kupotea. Kwa mpangilio wa kawaida, P0463 inaelekeza kwenye waya uliokatika, soketi iliyolegea au ethi iliyoachia, na P0462 kwenye waya unaogusa bodi.

Kuna jaribio rahisi. Gari likiwa na P0462, fundi achomoe soketi ya tenki na kusoma upya. Namba ikigeuka P0463, waya na kompyuta vinafanya kazi, kosa liko kwenye sensa. Ikibaki P0462, waya umechunika mahali fulani njiani, na sehemu za kwanza kukagua ni pale unapopita juu ya chesisi na pale panya walipopata kiota. Ila magari mengi ya mtumba kutoka Japani hupeleka taarifa ya mafuta kwenye dashibodi pekee, hivyo mashine kutoonyesha kitu si uthibitisho kuwa hakuna tatizo.

Land Cruiser yetu ina tenki mbili. Upimaji unabadilika?

Unakuwa rahisi zaidi. Land Cruiser ndefu ya HZJ78, inayofahamika sana kwenye barabara za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hubeba tenki mbili za lita 90, na swichi kwenye dashibodi huchagua tenki ya kutumia na ya kusomwa. Tenki moja ikisoma vizuri na nyingine isisome, geji imejitetea yenyewe. Kilichobaki ni sensa ya tenki ile, waya wake au swichi. RAV4 na Harrier za magurudumu manne zina tenki moja lenye mabonde mawili, kila bonde na sensa yake, na mafundi wengi hubadilisha moja bila kujua kuna ya pili.

Mafuta ya dumu yanaweza kuiharibu sensa?

Uchafu wake, ndiyo. Mchanga hukwaruza kibao, maji hutia kutu mkono na tenki. Boya la plastiki likitoboka hujaa mafuta na kuzama, na mshale haupandi tena. Anayelazimika kununua dumu aliache litulie, amimine kupitia chujio safi, na abakize yale ya chini. Kuchanganya mafuta ya taa, jambo lililoifanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze kuweka vinasaba (alama za kugundua uchakachuaji) kwenye mafuta mwaka 2010, huumiza injini zaidi kuliko sensa.

Kemia nayo ina nguvu zake. Mei 2004, petroli yenye salfa kutoka kiwanda cha kusafishia mafuta cha Norco, Louisiana, iliuzwa Florida na majimbo mengine ya Marekani. Salfa ilishambulia fedha iliyo kwenye vibao vya sensa, na magari mengi yakawa yanaonyesha F huku tenki likiwa tupu. Mauzo yalisimamishwa kwenye mamia ya vituo.

Ninaweza kuitoa sensa mwenyewe?

Kwa petroli, aachiwe fundi. Hasi ya betri itolewe kwanza, kazi ifanyike nje penye hewa, pasiwe na sigara, jiko wala simu karibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini hadi ukutane na cheche. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, petroli iliyomwagika kutoka kwenye lori ilishika moto na kuua zaidi ya watu 100.

Wakati nasubiri spea, niendeshe vipi?

Dereva ajaze tenki, aweke kilometa za safari kwenye sifuri, na ajaze tena baada ya siku kadhaa akigawa kilometa kwa lita. Gari likila lita moja kwa kilometa 8, lita 40 zina kilometa 320 kwenye hesabu, na kwa milima ya huku ajaze zikifika 220. Kuiacha petroli iishe kabisa kunaumiza pampu inayopozwa na mafuta hayohayo. Dizeli ikiisha hewa huingia kwenye bomba, na bila kuitoa kwa pampu ya mkono gari haliwaki.

Spea ya mtumba ipimwe omu dukani kabla ya kulipiwa, mkono ukisogezwa mwanzo hadi mwisho, na namba zake zilingane na za ile iliyotoka kwenye gari. Ikishafungwa, mwenye gari atie mafuta lita 10 kwa 10 na kuandika mahali mshale unaposimama kila mara.