Kukaribia na Kufika: Dhana za Fanksheni na Kikomo katika Lugha ya Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa uhandisi nchini Kenya hukutana na kalkulasi mapema katika masomo yake ya chuo kikuu, naye hufundishwa kwa Kiingereza. Mjini Kakamega, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, kina wanafunzi wa uhandisi na wa Kiswahili pia. Hata hivyo, aghalabu masomo hayo mawili hutazamwa kana kwamba hayana la kuambiana. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi haina budi kuweza kufundisha sayansi. Makala haya yanaeleza dhana mbili za mwanzo za kalkulasi, yaani fanksheni na kikomo, na kuonyesha kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuzieleza, ilimradi neno kikomo litumiwe kwa uangalifu.

Dhana ya Fanksheni

Fanksheni ni kanuni inayokipa kila kiumbo cha seti ya kwanza kiumbo kimoja, na kimoja tu, cha seti ya pili. Msomi wa Kiswahili anaijua kanuni ya namna hii. Seti ya kwanza na iwe nomino, na ya pili iwe ngeli. Kiti hupelekwa KI-VI, mti hupelekwa U-I, mwalimu hupelekwa A-WA. Kisu nacho hupelekwa KI-VI kama kiti, wala hapana kosa: nomino nyingi zaweza kupewa ngeli moja. Kosa hutokea nomino moja inapopewa ngeli mbili. Mbuzi anayechungwa yumo katika A-WA, ilhali mbuzi ya kukunia nazi imo katika I-ZI. Maadamu umbo mbuzi linahesabiwa kuwa kiumbo kimoja, kanuni hiyo si fanksheni. Likigawanywa kuwa maneno mawili, kama zifanyavyo kamusi kwa homonimu, kasoro huondoka.

Mhandisi hutumia wazo hilohilo kwa namba. Matatu inayotoka Kakamega kwenda Kisumu kupitia Khayega, Chavakali na Mbale ina umbali mmoja tu kutoka kituoni katika kila wakati. Haiwezi kuwa Khayega na Mbale kwa mara moja. Kwa hiyo umbali ni fanksheni ya wakati. Matatu ikisimama kushusha abiria, nyakati nyingi hupewa umbali mmoja, na hilo linaruhusiwa.

Kasi ya Papo kwa Papo

Safari hiyo ni ya takribani kilomita 50. Ikichukua saa moja, wastani wa kasi ni kilomita 50 kwa saa. Wastani huo haumwelezi mtu kasi ya gari lilipopita Chavakali. Je, kasi ya wakati mmoja hupatikanaje, ikiwa katika wakati mmoja gari halisogei hata kidogo?

Na ichukuliwe kwamba matatu inapoondoka kituoni, umbali wake kwa mita ni mraba wa muda kwa sekunde. Baada ya sekunde 3 imekwenda mita 9. Kasi ya wastani kati ya sekunde ya 3 na ya 4 ni 16 kutoa 9, yaani mita 7 kwa sekunde. Kati ya sekunde 3 na 3.1 wastani ni 6.1, kati ya 3 na 3.01 ni 6.01. Ukitazamwa muda uliotangulia, kati ya sekunde 2.9 na 3 wastani ni 5.9, na kati ya 2.99 na 3 ni 5.99. Muda ukifanywa sifuri kabisa, hesabu huwa sifuri kugawanywa kwa sifuri, jambo lisilo na maana. Lakini kadiri muda unavyokaribia sifuri, ndivyo wastani unavyokaribia 6. Namba hiyo 6 ndiyo kikomo, nayo ndiyo kasi ya gari katika sekunde ya 3.

Utata wa Neno Kikomo

Katika matumizi ya kila siku, kikomo ni mwisho au mpaka usiovukwa. Kanuni za usafiri zilizoanza kutekelezwa nchini Kenya mwaka 2004 zilizitaka matatu ziwe na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Hicho ni kikomo cha mwendo: kasi zote zinapaswa kuwa chini yake. Mwanafunzi akiingia darasani na maana hiyo, atakosea mara mbili. Kwanza, atadhani kikomo cha hisabati ni ukuta. Mfano wa juu unakanusha: 5.9 iko chini ya 6 na 6.1 iko juu yake, na zote mbili zinaikaribia. Pili, atadhani kikomo ni lazima kifikiwe, au kwamba ni mwiko kukifikia. Katika mfano huo wastani haukuwa 6 hata mara moja. Lakini matatu ikiwa imesimama, wastani ni sifuri kwa kila muda, na kikomo pia ni sifuri. Hapo kimefikiwa tangu mwanzo. Kikomo hakiulizi kinachotokea penyewe. Huuliza kinachotokea jirani.

Utata huu haukuanzia katika Kiswahili. Newton na Leibniz waliiasisi kalkulasi katika karne ya 17, na mwaka 1734 George Berkeley akawashambulia wanahisabati kwa kutumia kiasi ambacho mara ni kitu, mara si kitu. Augustin-Louis Cauchy aliiweka kalkulasi juu ya dhana ya kikomo katika kitabu chake cha mwaka 1821, na baadaye Karl Weierstrass akaikamilisha fasili.

Fasili

Fasili hiyo yaweza kutolewa kama majibizano ya watu wawili. Wa kwanza hutaja kiasi chochote cha ukaribu, kidogo apendavyo. Wa pili sharti ataje umbali kutoka kwenye nukta inayokaribiwa ambao, ndani yake, kila thamani ya fanksheni, isipokuwa ya nukta yenyewe, imo katika ukaribu uliotajwa. Akiweza kujibu daima, kikomo kipo. Wa kwanza akidai wastani uwe karibu na 6 kwa chini ya 0.001, wa pili hujibu kwamba muda uwe chini ya sekunde 0.001. Mpangilio wa maneno ni muhimu: kila dai lina jibu lake, haisemwi kwamba jibu moja linatosha madai yote.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba tofauti kati ya kukaribia na kufika, ambayo kila msemaji wa Kiswahili anayo, ndiyo inayobeba dhana ya kikomo. Kwa hiyo mwalimu asilifundishe neno kikomo peke yake. Aliandamanishe na kitenzi kukaribia. Kuunda istilahi ni hatua ya kwanza. Kuzichunguza maana ambazo neno limekuja nazo kutoka mtaani ni kazi inayomhitaji mwanaisimu na mhandisi kwa pamoja, na mjini Kakamega wawili hao ni majirani.