Kufundisha Uandishi wa Programu za Kompyuta katika Shule ya Msingi

Wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha huuliza: somo la kuandika programu litafundishwaje katika shule isiyo na kompyuta hata moja? Wengi hulijibu swali hilo kwa njia nyepesi. Huandika ubaoni maana ya kompyuta, sehemu zake na kazi zake, nao watoto hunakili na kukariri. Somo la namna hiyo halina programu ndani yake. Programu ni mfuatano wa maagizo ambayo mashine huyatekeleza kama yalivyoandikwa, bila kukisia nia ya mwandishi. Mtoto hujifunza kuiandika kwa kuiandika, kuijaribu, kuiona ikishindwa na kuirekebisha.

Njia hii ina historia yake. Mwaka 1967, huko Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Marekani, Wallace Feurzeig, Seymour Papert, Cynthia Solomon na wenzao walibuni lugha ya kompyuta iitwayo Logo, iliyokusudiwa watoto. Papert, mzaliwa wa Pretoria, alikuwa amefanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, ambaye wanachuo wanamfahamu katika saikolojia ya elimu. Watoto wa kwanza kutumia Logo hawakuwa na kompyuta mezani. Walikuwa na mashine za kupiga chapa zilizounganishwa kwa njia ya simu na kompyuta iliyokuwa mbali. Baadaye ikaongezwa roboti ndogo iliyotembea sakafuni ikichora kwa kalamu, ikaitwa kobe. Mtoto aliyekwama aliambiwa awe kobe yeye mwenyewe: ainuke, atembee, aone mwili wake unafanya nini. Kwa kobe huyo wa miguu miwili hatuhitaji umeme.

Tuchukue darasa lililokwisha kujifunza pembe. Zana ni majivu, kamba ya kupimia hatua, na kipande cha boksi kilichochorwa uso wa saa. Kutoka saa moja hadi inayofuata katika mchoro huo ni nyuzi 30. Kobe husimama akitazama 12. Akiambiwa KULIA 90 hugeuka hadi 3, na boksi hugeuzwa pamoja naye. Amri ya pili ni MBELE, pamoja na idadi ya hatua. Mwanafunzi mmoja husoma amri, mwingine humfuata kobe akimwaga majivu njiani. Kobe atoke katika kundi ambalo halikuandika programu hiyo wala kuona mchoro uliokusudiwa, kwani watoto wana huruma: kobe anayejua kinachotakiwa hujipeleka mahali panapofaa, na kasoro ikafichika.

Mraba hupatikana mapema. Kazi yenyewe ni pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa. Watoto wanakumbuka kwamba kila pembe yake ni nyuzi 60, kwa hiyo huandika:

RUDIA 3 [MBELE 4 KULIA 60]

Majivu huonyesha umbo lililo wazi kama bakuli, na kobe anatazama kinyume cha upande alioanza kuutazama. Hapa ndipo mwalimu hupimwa. Akisema “Si 60, ni 120”, watoto wataandika 120, umbo litafunga, na somo litakuwa limekufa. Awaache. Aulize: “Kobe amefanya tulichotaka, au tulichoandika?” Kisha amri ziendelee mara tatu zaidi. Umbo litafunga, likiwa na pande sita, na kobe atakuwa anatazama alikotazama mwanzo. Sasa kundi linaweza kuhesabu: kobe aliyezunguka na kurudi hali yake ya kwanza amegeuka nyuzi 360 kwa jumla. Kwa pande sita ni 60 kila kona. Kwa pande tatu ni 120. Pembe ya ndani haimhusu kobe. Yeye hugeuka kwa pembe ya nje. Kosa hilo limewafundisha jiometri ambayo jibu sahihi lisingewafundisha.

Katika kitabu chake *Mindstorms* cha mwaka 1980, Papert alisisitiza kwamba programu isiyofanya kazi haihukumiwi tu kuwa sahihi au si sahihi. Huulizwa kama inaweza kurekebishwa. Kwa mtoto aliyezoea alama ya mkasi daftarini, hilo ni jambo kubwa.

Hatua inayofuata ni kuipa programu jina, mathalani MRABA na PEMBETATU, na kuziunganisha kujenga nyumba: MRABA, MBELE 4, PEMBETATU. Paa litatokea limesimama kama bendera ukutani. Dawa yake ni KULIA 30 kabla ya PEMBETATU, lakini ifichwe hadi waitafute.

Tusiahidi kupita kiasi, hata hivyo. Mwaka 1984 Roy Pea na Midian Kurland wa Bank Street College, New York, walieleza kwamba watoto waliojifunza Logo hawakuonekana kuwa hodari zaidi katika kupanga kazi nyingine. Kwa maoni yangu, uhamisho wa maarifa hauji wenyewe; mwalimu aulize ni wapi tena tunaweza kugawa kazi kubwa katika vipande, kisha darasa lijaribu kweli, iwe katika insha au hesabu za mafumbo.

Aidha, kobe wa uwanjani hachukui nafasi ya kompyuta. Kompyuta moja ikipatikana, makundi yaende kwa zamu yakiwa na programu zilizokwisha kuandikwa daftarini. Scratch, iliyotolewa mwaka 2007, haina malipo, na amri zake zinaweza kuonyeshwa kwa Kiswahili.

Katika kusahihisha, mwanachuo adai majaribio yote yabaki daftarini, yasifutwe, na kando ya kila moja mtoto aandike kobe alifanya nini na kipi kilibadilishwa. Alama zitolewe kwa maelezo hayo. Kundi lililofikia pembetatu kwa majaribio manne yaliyoelezwa vizuri lisipate chini ya kundi lililonakili 120 kwa jirani.